Bima ya Turubai

Kufuli lilikuwa chini, shingo yake imekatwa, na banda la gari lilikuwa tupu.

Mkaguzi alisimama mlangoni saa moja na nusu asubuhi ya Jumanne, chai yake ikiwa imebaki mezani kituoni, akatazama sakafu ya saruji. Hapakuwa na kitu ila turubai la kijani lililorundikwa pembeni na rafu ya vifaa ukutani. Nyuma yake mke wa mwenye gari alikuwa analia kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Na kesho mkwe wangu anafika!" alisema. "Fundi wa mitambo, anakuja likizo na vifaa vyake, ameahidi kulitengeneza kwa mikono yake. Sasa atatengeneza nini? Turubai?"

"Gari lilikuwa bovu, mama?"

"Giaboksi. Miezi minane limelala hapa linasubiri giaboksi. Wezi wa siku hizi hawana haya, wanaiba hata mgonjwa!"

Mwenye gari mwenyewe alisimama kando ya ukuta, tai shingoni, miwani usoni, viatu vinang'aa, mikono nyuma. Mji mzima ulimwita Mwalimu. Alifundisha udereva kwa miaka mingi, na nusu ya madereva wa mji ule walipitia mikononi mwake. Nusu iliyobaki, alipenda kusema, ilijulikana kwa jinsi ilivyokata kona.

Mkaguzi naye alikuwa katika ile nusu ya kwanza. Miaka kumi na minane iliyopita, akiwa konstebo mpya, gari lilimrudi nyuma mlimani mara tatu mfululizo, akaangua kilio juu ya usukani. Mwalimu hakumcheka. Alimwambia, "Gari halijui kama unalia, binti. Achia klachi polepole." Leo Mkaguzi anaendesha gari la polisi lenye king'ora, lakini mbele ya mzee huyu bado alijikuta anakunja mabega kama mwanafunzi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Poleni kwa kusumbuliwa asubuhi yote hii."

"Pole ni yako. Gari uliliona lini mara ya mwisho?"

"Jana jioni. Nilifunga mwenyewe."

"Funguo ziko ngapi?"

"Mmoja tu. Ninao mimi."

"Kuna mtu unayemshuku?"

Mwalimu alifungua kinywa, akakifunga. Macho yake yalitazama kidogo pembeni mwa sikio la Mkaguzi. Kabla hajajibu, sauti ikatoka katika kundi la majirani waliojazana kwenye uzio.

"Mwulizeni Tochi! Si ndiye tunayemlipa alinde?"

Tochi alikuwa mlinzi wa mtaa, ameajiriwa na wakazi kwa mchango tangu miezi sita nyuma. Jina lake hilo lilitokana na tochi aliyoishika mchana na usiku, hata jua likiwa utosini. Alikuwa mwembamba, koti la ulinzi limemzidi mabega. Koplo, msaidizi wa Mkaguzi, alipiga simu moja tu kituoni, na dakika kumi baadaye akarudi kumnong'oneza bosi wake: Tochi alishawahi kula mwaka mmoja jela kwa wizi wa betri za magari.

Mkaguzi aliona kesi imejifunga yenyewe kabla ya chai kupoa.

"Wewe, Tochi. Gari limetokaje hapa?"

"Halijatoka, mama."

"Halijatoka? Limeyeyuka?"

Majirani wakacheka. Tochi hakucheka.

"Mama, mimi tangu nianze kazi hapa sijalisikia hilo gari hata kukohoa. Na gari bovu litatokaje bila kusukumwa na watu? Ningewaona. Mimi nadhani..."

"Nyamaza. Utadhania kituoni."

Akamfunga pingu palepale, mbele ya mtaa mzima. Mke wa Tochi alikuja mbio na kandambili, akaishika mikono ya mumewe iliyofungwa, akaulizauliza kila mtu kosa ni nini. Majirani wengine wakapiga makofi. Mwalimu alikuwa bado amesimama ukutani, na hakusema neno.

*

Ijumaa asubuhi mtaalamu wa alama alileta bahasha ya picha.

Koplo ndiye aliyeifungua. Alibakiza miaka miwili kustaafu, ila tumbo lake lilikwisha kustaafu zamani, likatangulia mbele yake kila alipokwenda. Alizipanga picha mezani, akajikuna kidevu.

"Afande, hebu tazama hii."

Picha ilionyesha rafu ya ndani ya banda. Juu yake palikuwa na jiliwa, kile chombo cha kubania chuma ili kikatwe. Chini ya jiliwa, sakafuni, zilimetameta chenga za chuma.

"Maabara wamezilinganisha," alisema Koplo. "Ni za lile kufuli. Lilikatwa hapo, kwa msumeno wa chuma, ndani ya banda. Nje mlangoni hakuna chenga hata moja."

Mkaguzi aliishika ile picha kwa mikono miwili.

"Yaani mwizi alifungua mlango, akaingia na kufuli ndani, akalibana, akalikata kwa raha zake, kisha akalitupa nje?"

"Mwizi mwenye ufunguo," alisema Koplo. "Na adabu. Nasikia alifagia hata rafu. Nakutania, afande. Lakini tazama na hii."

Picha ya pili ilikuwa ya sakafu. Vumbi lilikuwa limetanda sawasawa, ila palikuwa na alama nane ndogo za mraba, nne huku na nne kule. Alama za miguu ya samani. Hapakuwa na mistari ya matairi. Hapakuwa na hata tone la oili, mahali ambapo gari bovu eti lililala miezi minane.

Joto lilimpanda Mkaguzi shingoni mpaka masikioni. Mlangoni mwa banda lile alisimama yeye mwenyewe. Sakafu ile aliitazama kwa macho yake, lakini akili yake ilikuwa kwenye tai ya Mwalimu.

"Nipe maelezo ya Tochi."

Alisoma kurasa mbili alizoziandika kwa mkono wake. Mtuhumiwa alikuwa wapi, aliwahi kufungwa lini, anafahamiana na nani. Yale maneno aliyoyasema siku ya kwanza, mbele ya uzio, hayakuwemo. Alirudia kusoma, kana kwamba yangejiandika yakimwonea huruma.

"Jumatatu anapanda kizimbani," alisema Koplo taratibu. "Na rekodi yake ile, atapelekwa gerezani kusubiri kesi, na hatutamwona leo wala mwakani. Mtaa umeshatafuta mlinzi mwingine. Mnyonge mnyongeni, afande, haki yake mpeni."

Mkaguzi alikwenda mahabusu. Tochi aliletwa kwenye wavu, ndevu zimemchomoza, koti la ulinzi wamemvua.

"Siku ile ulitaka kusema nini?"

"Siku ipi, mama?"

"Nilipokwambia unyamaze."

"Mtu akinyamazishwa anasahau, mama."

"Nakuomba ukumbuke."

"Nilitaka kusema nadhani mle bandani hamna gari. Mimi ni mwizi wa betri niliyeacha. Gari nalijua kwa harufu. Mle mlikuwa mnanuka turubai tu."

*

Ofisi ya bima ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Karani wa bima, dada mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye nywele, alitoa faili la Mwalimu kwa fahari, utadhani ni albamu ya harusi yake.

"Huyu ni mteja wetu wa mfano. Miaka thelathini na mmoja hajawahi kudai hata kioo cha pembeni. Tulimpa cheti, tukakitia fremu."

Mkaguzi alikijua kile cheti. Kilitundikwa sebuleni kwa Mwalimu, juu ya televisheni, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi.

"Bima yake ni ya aina gani?"

"Zamani ilikuwa bima kubwa. Miezi minane iliyopita akaja akasema gari halitembei, linasubiri kifaa. Tukambadilishia, tukamwekea bima ya gari lililolala. Inafidia moto na wizi tu."

Koplo aliinua nyusi. "Moto na wizi. Kisha likaibiwa."

"Ndiyo, hata mimi nilishtuka," alisema karani. "Lakini watu wengi hufanya hivyo wakiwa hawaendeshi. Ukifuta bima kabisa, rekodi yako inakatika. Siku ukinunua gari jingine unaanza sifuri, kama mtoto aliyepata leseni jana. Ukibaki na hii ndogo, miaka yako inaendelea kuhesabiwa."

"Mlilikagua gari alipobadilisha?"

Karani alishusha macho kwenye faili. "Taratibu zinasema tulikague. Lakini Mwalimu ndiye aliyenifundisha mimi kuendesha. Ningemwambiaje twende nikahakikishe kama kweli unalo?"

Mkaguzi hakumlaumu. Alikuwa anamwona mwenzake wa darasa.

"Ameshaleta madai?"

"Hilo ndilo linalonishangaza. Watu wakiibiwa gari hunifikia hapa kabla hawajafika kwenu, jasho linawatiririka. Mwalimu nimempigia mimi, mara tatu. Namwambia njoo ujaze fomu, fidia yako ipo. Ananijibu, 'Hakuna haraka, binti.' Jana akanikatia simu."

Wakati wanashuka ngazi, Koplo alisema, "Nilidhani nimemkamata. Mtu anauza gari kimya kimya, anajifanya kaibiwa, anakula fidia. Hadithi ya kila siku. Sasa huyu hataki fidia."

"Basi hakutaka kumwibia mtu," alisema Mkaguzi.

"Sasa alitaka nini?"

Mkaguzi hakujua. Alijua tu kwamba gari haliyeyuki; kama liliuzwa kimya kimya, kuna mchinja magari, mkata magari wa kuuza vipuri, aliyelinunua.

Mchinja magari waliyemtafuta alipatikana saa sita mchana, nje kidogo ya mji, katika uwanja uliojaa milango, viti na injini zilizopangwa kama mafungu ya viazi. Walipita kwa wenzake watatu kabla ya kumfikia. Alikuwa na daftari safi, jambo ambalo si la kawaida katika biashara ile, akalifungua bila kusitasita. Namba ya chasisi ilikuwepo, na tarehe ya miezi minane iliyopita. Sahihi ya Mwalimu ilikuwa pembeni, imepinda ikatoka nje ya mstari.

"Alilileta mwenyewe?" Mkaguzi aliuliza.

"Lilikokotwa. Zima kabisa, halina tatizo lolote, lakini hakutaka kuliendesha. Nikamwambia mzee, hili nitaliuza barabarani kesho. Akakataa. Alitaka likatwe siku ileile, mtu asilione tena mjini."

"Giaboksi ilikuwaje?"

"Giaboksi? Nzuri kuliko ya lori langu. Ninayo pale, unaitaka?"

"Kisha?"

"Alikaa juu ya tairi, akasubiri mpaka nimemaliza. Nilipotoa vibao vya namba akaviomba, akavitia kwapani, akaenda zake. Mimi nimechinja magari mengi, afande. Yule ndiye mteja pekee aliyelia."

*

Darasa la Mwalimu lilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi ya chuo cha udereva. Katikati palikuwa na meza kubwa iliyochorwa barabara, mizunguko na vivuko, na juu yake vigari vya mbao vya rangi mbalimbali. Mkaguzi alisubiri wanafunzi watoke. Wa mwisho alimwambia Koplo, bila kuulizwa, kwamba siku hizi Mwalimu haendi barabarani kabisa, anafundisha nadharia tu, walimu vijana ndio wanaokaa garini na wanafunzi.

"Mwalimu, ni mimi."

"Najua. Nimekutambua kwa viatu. Karibu ukae."

Mkaguzi hakukaa.

"Kufuli lilikatwa ndani ya banda, kwenye jiliwa."

"Wezi wana mbinu, binti yangu."

"Chini ya turubai palikuwa na samani. Miguu minane."

Nyuma ya chumba palikuwa na madawati mawili yaliyopandanishwa. Koplo aliyageuza, akapima mguu mmoja kwa rula, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akafungua kabati la ukutani. Vibao viwili vya namba vilikuwa mle, vimefungwa kwenye gazeti.

"Nilivitundika mbele ya turubai," alisema Mwalimu kabla hajaulizwa. "Mke wangu akichungulia penye ufa wa mlango, aone namba. Alikuwa anachungulia kila Jumapili. Analisalimia."

"Mchinja magari ametuonyesha daftari. Uliuza gari zima."

"Ndiyo."

"Na mkwe alipoahidi kuja kulitengeneza..."

"Nikaona siku zangu zimefika. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa nimefika ukutani. Jumatatu nikayarudisha madawati hapa, nikakata kufuli."

"Kwa nini hukudai bima?"

"Kwa sababu mimi si mwizi!" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipandisha sauti katika miaka kumi na minane. Kigari kimoja kikaanguka kutoka mezani. "Gari sina. Nidai gari gani?"

"Lakini ulilipia bima ya gari usilokuwa nalo. Miezi minane."

"Nimelipia kitu kisichokuwepo, nimemwibia nani? Ningefanyaje? Nikienda kufuta wananipa fomu. Fomu ina mstari wa sababu. Niliishika kalamu pale kaunta, yule binti ananitazama, anatabasamu. Ningeandika nini? Mwalimu wa udereva haoni?"

Nje mtu alikuwa anajifunza kurudi nyuma, injini inapaa na kushuka. Koplo alivua kofia yake.

"Tangu lini, Mwalimu?" aliuliza Mkaguzi.

"Presha ya macho. Daktari anasema imeanza zamani, inakula kutoka pembeni. Katikati naona bado, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilichokufa hakirudi." Alipapasa meza mpaka vidole vikagusa kivuko kilichochorwa kwa rangi nyeupe. "Nilikuwa natoka sokoni. Kivuko cha shule, kimya, hakuna mtu. Nikasikia pa! kwenye boneti. Nikakanyaga breki mpaka mwisho. Alikuwa mjukuu wangu."

"Aliumia?"

"Hata unyoya. Alikuwa ameniona kwa mbali, akanipungia mkono, akaja mbio katikati ya barabara, anajua babu anamwona. Akapiga boneti kwa kiganja akacheka. Alidhani namtania. Akapanda akakaa kando yangu, akanisimulia habari za shule mpaka nyumbani, na mimi naendesha mwendo wa konokono. Mpaka leo hajui. Kesho yake nikaliita gari la kukokota."

"Ungemwambia mama. Ungetuambia."

"Ningemwambia nini? Mke wangu kile cheti anakipangusa kila asubuhi kabla hajapangusa meza. Na nyinyi? Siku ileile mngeulizana: wale aliowafundisha mwaka huu, alikuwa anawaona? Na jibu ni kwamba wengine sikuwaona vizuri. Niliwasikiliza. Niliona aibu, binti yangu. Sina neno jingine kubwa kuliko hilo. Niliona aibu, nikaifunika turubai."

"Na Tochi?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. Mikono yake ilianza kutafuta kigari kilichoanguka, haikukiona, ikaacha.

"Nilidhani mtaandika tu, mfunge daftari. Magari mangapi yanaibiwa, mangapi yanapatikana? Nilipowasikia wanamtaja yule kijana, nikasema moyoni, nitasema wakishafika kituoni. Kisha nikasema jioni. Kisha kesho. Kila nilipoahirisha ndivyo lilivyozidi kuwa zito."

"Siku nne."

"Najua ni nne. Mkewe anapita dirishani kwangu kila asubuhi akimpelekea chakula. Namtambua kwa kandambili zake. Nikizisikia, najifunika shuka."

Mkaguzi alitoa daftari lake. Kalamu ilikuwa nzito. "Mwalimu, kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa. Nitafungua jalada kwa jina lako. Siwezi kulifumbia macho."

"Fungua, binti yangu. Mimi mwenyewe ningekukaripia usingefungua." Alisimama, akanyoosha tai. "Ninaomba kitu kimoja tu. Nimwambie mwenyewe."

*

Ukumbi wa mahabusu ulikuwa na taa moja, na hiyo moja ilikuwa na usingizi. Koplo alitangulia, akamtoa Tochi nje ya wavu, akamsimamisha kando ya ukuta, kisha yeye mwenyewe akasimama upande wa pili akiwa na ufunguo. Mkaguzi alimwongoza Mwalimu kwa kiwiko mpaka mlangoni, akamwachia.

Mwalimu alipiga hatua tatu. Alivua miwani, akaishika kifuani, akainama.

"Kijana wangu," alisema, "nimekukosea kosa lisilo na jina. Gari halikuibiwa. Nililiuza mwenyewe, nikaona haya kusema, nikakuacha ubebe mzigo wangu. Nimeyasikia makofi waliyokupigia, nikanyamaza. Sistahili, lakini nakuomba radhi."

Koplo alitoa macho. Midomo ilimcheza, ila sauti haikutoka. Maneno yote yale alikuwa anaambiwa yeye, tumbo lake, ufunguo wake na kofia yake kwapani.

"Mwalimu," alisema Tochi kutoka ukuta wa pili. "Mimi niko huku."

Mzee aligeuka upesi mno, akapepesuka. Mkaguzi alijikuta anatazama sakafu. Alitamani taa ile moja nayo ingezimika kabisa.

Tochi ndiye aliyemdaka mkono. Alimtazama usoni kwa karibu, akapunga kiganja taratibu kando ya jicho lake la kushoto, kisha kando ya la kulia. Mwalimu hakupepesa.

"Tangu lini?" Tochi aliuliza.

"Zamani."

"Mke wako anajua?"

"Hajui."

Tochi alivuta pumzi, akaitoa. Hasira ilikuwepo, iliwaka wazi shingoni, lakini ilikosa pa kutua.

"Uko huru," alisema Mkaguzi haraka. "Nimeshasaini. Koplo atakurudishia koti lako. Gari la polisi litakupeleka nyumbani."

"Nikapelekwe na gari la polisi?" Tochi alicheka bila furaha. "Wakiniona nashuka humo watasema nimetoa hongo. Hapana, mama. Mlinikamata asubuhi, watu wamesimama. Nirudisheni kwa miguu, watu wakiwa wamesimama. Na aseme pale pale. Humu ndani kasamehewa na nani? Na Koplo?"

Mkaguzi alimshika tena Mwalimu kiwiko.

*

Walisubiri saa kumi na moja jioni, watu wametoka makazini. Walitembea wanne, Tochi mbele na koti lake lililomzidi, Mwalimu katikati, Mkaguzi na Koplo nyuma. Walipofika penye uzio, habari ilikuwa imewatangulia, maana habari haingoji taa za barabarani. Mtaa ulikuwa umejaa. Mke wa Tochi alikuwepo. Mke wa Mwalimu alitoka na kitambaa cha kupangusia mkononi, nyuma yake mkwe aliyekuja na vifaa vyake bure.

Mwalimu alisema. Hakuficha kitu: turubai, madawati, bima aliyolipia hewa, macho. Sauti ilimkatika alipofika kwa mjukuu, akaiunganisha, akaendelea mpaka mwisho. Aliomba radhi kwa Tochi, kisha kwa mke wa Tochi, na safari hii aligeukia upande sahihi kwa sababu kandambili zilimwelekeza.

Mkewe alimsikiliza akiwa amekishika kile kitambaa kwa mikono miwili.

"Miezi minane," alisema, polepole. "Miezi minane nasalimia madawati. Baba, mimi nilishindwa nini kukushika mkono?"

Machozi yalimtoka mzee, hakuyafuta. Mkewe hakumsogelea, wala hakuingia ndani.

Mkaguzi alishusha pumzi. Yameisha, aliwaza. Alianza kugeuka taratibu, pembeni mwa Koplo, kuelekea barabara kuu. Makosa ya Mwalimu yalikuwa makubwa vya kutosha, na chini ya kivuli chake mtu angeweza kupita asionekane.

"Mama," aliita Tochi. "Unakwenda wapi?"

Akasimama.

"Mwalimu haoni. Hicho ni kisa chake. Wewe je?"

Macho ya mtaa mzima yalihamia kwake. Walikuwemo waliowahi kumletea kesi zao, na walikuwemo waliopiga makofi Jumanne. Alitafuta maneno ya kikazi, uchunguzi wa awali, ushahidi wa mazingira, taratibu, akayakuta yote mdomoni yakiwa na ladha ya chuma.

"Huyu aliniambia ukweli siku ya kwanza," alisema. "Hapo hapo mlipo. Mimi nikamwambia anyamaze, kwa sababu yeye ni mlinzi aliyewahi kufungwa na yule ni mwalimu wangu. Sikuyaandika maneno yake. Sakafu niliitazama, sikuiona. Kosa ni langu."

Alikuwa ameyasema akitazama viatu vyake, na sauti ilimtoka ndogo, karibu ya kujisemea.

"Hatusikii huku nyuma!" mtu akapiga kelele kutoka mwisho wa uzio.

Koplo alikohoa. Tochi alisubiri. Mkaguzi aliinua uso, akavuta pumzi mpaka vifungo vya sare vikakaza, akarudia yote tangu mwanzo, kwa sauti ya gwaride.